Wasomaji Wanauliza: Nyumba Zilizorudi Mikononi mwa Benki

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu nyumba zinazouzwa Marekani baada ya mwenye mkopo kushindwa kulipa, na barua zikamiminika. Nimechagua tano zinazobeba maswali ya wengi. Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: kazi yangu ya kila siku ni kupekua hati za nyumba katika ofisi ya bima ya hati, ile inayomlinda mnunuzi endapo atatokea mwingine mwenye dai juu ya nyumba, hapa Ohio. Nyumba ikitaka kuuzwa, mimi ndiye ninayerudi nyuma kwenye vitabu vya kaunti kutazama nani alimuuzia nani, nani anadai nini, na kipi hakijalipwa.

Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, tumechoka kupanga. Rafiki yetu anasema nyumba za benki huuzwa nusu bei, na ametuonyesha kampuni inayouza orodha yake kwa ada ya kila mwezi. Tulipe? Na tusipolipa, tutazipata wapi? (Mama wa wawili, Columbus)

Marahaba, mdogo wangu. Msilipe hata senti. Kila kilichomo kwenye orodha hizo kimeshatangazwa bure mahali pengine, na mara nyingi utakuta humo nyumba zilizouzwa zamani, au ambazo mwenyewe alishalipa deni lake na bado analala ndani.

Wapi pa kutafuta kunategemea nyumba imefika hatua gani. Watu huchanganya hatua tatu ambazo kisheria hazifanani kabisa.

Hatua ya kwanza, mwenye nyumba amechelewa kulipa lakini nyumba bado ni yake. Kanuni ya serikali kuu humtaka msimamizi wa mkopo, kwa kawaida, asubiri hadi malipo yapitilize siku 120 ndipo aanze kuchukua nyumba. Hapa Ohio benki lazima ifungue kesi mahakamani, na kesi hiyo ni ya wazi, yeyote anaweza kuiona kwa karani wa kaunti. Katika hatua hii unanunua kwa mwenye nyumba mwenyewe. Kama deni limezidi thamani ya nyumba, hamwezi kununua mpaka benki ikubali kupokea pungufu, na kukubali kwake huchukua miezi.

Hatua ya pili ni mnada. Ohio mnada kwa kawaida ni wa sherifu wa kaunti, na siku hizi mingi hufanyika mtandaoni. Mara ya kwanza nyumba haiwezi kwenda chini ya theluthi mbili za thamani iliyokadiriwa. Ikikosa mnunuzi hurudishwa mnadani mara ya pili, na safari hii hakuna bei ya chini. Hapo ndipo rafiki yenu alipoisikia hiyo nusu bei. Ambalo hakuwaambia ni kwamba benki nayo imo mnadani, na haileti fedha taslimu: inataja bei kwa kutumia deni inalodai. Ikidai dola 180,000 inaweza kupandisha hadi hapo bila kutoa senti mfukoni. Nyumba nzuri haipiti mbele ya benki kwa nusu bei huku benki ikitazama tu. Zinazopita, mara nyingi zina sababu ya kupita.

Hatua ya tatu, hakuna aliyeizidi benki, nyumba imerudi kwake. Sasa benki ni mwenye nyumba kama mwingine yeyote, inampa dalali, nayo inatangazwa pamoja na nyumba zote za mjini. Hapa unaingia ndani, unaleta fundi wako, unakopa, unakata bima ya hati. Nyinyi mtakaonunua kwa mkopo, hapa ndipo penu, na wala msijisikie mmefika mwishoni mwa foleni.

Za kuanzia kutazama ni tovuti tatu, zote bure. HomePath ni ya Fannie Mae na HomeSteps ni ya Freddie Mac, yale mashirika mawili makubwa ya mikopo ambayo serikali iliyaweka chini ya uangalizi wake Septemba 2008. Ya tatu ni HUD Homestore ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji (HUD), ambako huenda nyumba zilizokuwa na mikopo iliyodhaminiwa na FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba. Wanaonunua ili waishi humo hupewa nafasi ya kwanza, na wawekezaji husubiri zamu yao. Kwa familia yenye mkopo mdogo hilo ni jambo kubwa, maana mwekezaji mwenye fedha taslimu ndiye anayewashinda kila mahali pengine. Kwa HUD mtahitaji dalali aliyesajiliwa nao. Nyinyi wenyewe hamwezi kupeleka bei.

Sasa kuhusu bei. Msitarajie nusu. Benki imeshaleta mthamini na inajua nyumba ina thamani gani. Unafuu hutoka penginepo: benki haikarabati, na kila mwezi inalipa kodi ya ardhi, bima na mtu wa kukata nyasi kwa nyumba isiyokaliwa. Tena sheria haizitaki benki za kitaifa zikae na nyumba za namna hii zaidi ya miaka 5 bila ruhusa. Kwa hiyo tazameni tarehe ya kutangazwa kabla ya kutazama bei. Nyumba ya wiki moja, benki haitawasikiliza. Nyumba iliyoshushwa bei mara mbili na baridi inakaribia, wekeni bei yenu, na mueleze kwa maandishi ya fundi ni nini kinachohitaji kutengenezwa.

Wakikubali, watawaletea nyaraka zao wenyewe zinazotangulia mkataba wa kawaida. Humo mtakuta nyumba inauzwa kama ilivyo, na faini ya kila siku mkichelewa kukamilisha. Soma kurasa zote, mdogo wangu, usimwachie dalali.

Mambo dada. Niko Houston, nina akiba yangu taslimu. Nimeona kwenye tangazo la mnada wa Jumanne nyumba ya mtaa mzuri, thamani yake si chini ya dola 300,000, na deni lililoandikwa ni dola 9,000 tu. Mtu bado anaishi humo. Nisipoichukua mimi ataichukua mwingine. Unasemaje? (Kijana wa Houston)

Poa, kaka. Nasema usiende na hiyo akiba Jumanne hii.

Texas ni jimbo ambalo nyumba inaweza kuuzwa bila kupitia mahakamani, na minada hufanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mahali palipotengwa na kaunti. Ni haraka na ni halali. Lakini jiulize swali moja kabla ya mengine yote: nani anayeuza? Benki iliyokopesha dola laki mbili na kitu haiuzi nyumba kwa deni la 9,000. Deni la kiasi hicho, kwenye mtaa mzuri, karibu kila mara ni la chama cha wenye nyumba: michango ya mtaa, faini, na ada za mwanasheria wao.

Na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Madeni juu ya nyumba yamepangwa kwa foleni. Anayeuza akiwa mbele, walio nyuma yake hufutwa kwenye ile nyumba. Anayeuza akiwa nyuma, walio mbele yake hubaki palepale. Chama cha mtaa kwa kawaida kiko nyuma ya rehani ya kwanza. Ukinunua kwa dola 20,000, umenunua nyumba pamoja na rehani yote iliyo juu yake, na benki ikija baadaye kuuza kwa deni lake, dola zako 20,000 zimekwenda. Tena kwa mnada wa chama, sheria ya Texas humpa mwenye nyumba siku 180 za kuikomboa. Utakuwa umekaa miezi sita na nyumba usiyoweza hata kuipaka rangi kwa amani.

Nikipekua hati ya nyumba inayokwenda mnadani, nafanya hivi, nawe unaweza kufanya kwenye tovuti ya karani wa kaunti. Naanza na hati iliyompa mmiliki wa sasa nyumba. Naandika tarehe yake pembeni. Kutoka tarehe hiyo nasoma kila karatasi iliyosajiliwa kwa jina lake na jina la mwenza wake, kwa mpangilio, bila kuruka: rehani ya kwanza, rehani ya pili, hukumu za mahakama, madai ya mafundi ambao hawakulipwa, madai ya kodi. Kwa kila dai natafuta karatasi ya kulifuta. Dai lenye karatasi yake nalipigia mstari. Yanayobaki bila mstari ndiyo bei halisi ya nyumba, na hayo nayapanga kwa tarehe nione anayeuza amekaa wapi kwenye foleni.

Kuna yasiyofuata tarehe. Kodi ya ardhi ya kaunti hutangulia wote, hata rehani iliyosajiliwa miaka kumi kabla yake, na utailipa wewe. Ukikuta dai la mamlaka ya kodi ya serikali kuu, IRS, hata kama liko nyuma na linafutika, wana siku 120 baada ya mnada za kuikomboa nyumba. Na kama hawakupewa taarifa ya mnada siku 25 kabla, dai lao linabaki juu ya nyumba yako kana kwamba hakukuwa na mnada.

Usidhani pia kwamba kununua kwa benki kunaponya kila kasoro. Massachusetts, Januari 2011, mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha minada miwili kwa sababu benki zilizouza hazikuweza kuonyesha kwamba rehani zilikuwa zao siku zilipoanza kuuza. Oktoba mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ikamwambia mtu aliyenunua nyumba kutoka kwa benki ya namna hiyo kwamba yeye si mmiliki, kwani benki haikuwa na cha kumuuzia. Alilipa, akapewa hati, hati ikasajiliwa, na bado nyumba haikuwa yake. Ndiyo maana nasisitiza bima ya hati, ile ya mnunuzi na si ya mkopeshaji peke yake. Mnadani hupewi bima hiyo kabla ya kulipa. Kama umelenga mnada, mlipe mpekuzi wa hati au mwanasheria akusomee kaunti kwanza. Rahisi huvunja upishi.

Huyo anayeishi humo nitamzungumzia kwenye swali la nne.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeambiwa serikali inawauzia walimu nyumba kwa nusu bei. Ni kweli au ni uzushi? (Mwalimu, Georgia)

Ni kweli, mwalimu, ingawa nyumba zenyewe ni chache. Mpango huo ni wa HUD na unaitwa Good Neighbor Next Door. Ni kwa walimu kuanzia chekechea hadi darasa la 12, polisi, zimamoto na wahudumu wa dharura wa afya. Nyumba iwe ya HUD, iwe kwenye eneo ambalo serikali inataka kulifufua, nawe uwe unafundisha watoto wa eneo hilo. Punguzo ni asilimia 50 ya bei iliyotangazwa. Lile punguzo huandikwa kama rehani ya pili isiyo na riba wala malipo ya kila mwezi, na hufutwa ukiishi humo miezi 36 kamili. Ukihama kabla, unadaiwa.

Wakijitokeza wengi kwa nyumba moja, kompyuta huchagua kwa bahati nasibu. Kwa hiyo itazame Homestore kila wiki, uwe na dalali tayari, na barua ya mkopo mkononi.

Dada yangu, naomba unijibu kwa moyo. Mume wangu anataka tununue nyumba mnadani. Nimepita mbele yake, nimeona baiskeli za watoto. Je, si dhambi kununua nyumba ya mtu aliyenyang'anywa? (Jina limehifadhiwa)

Nimelisoma swali lako mara nyingi, dada, na nakushukuru kwa kuliuliza. Kwenye karatasi ninazozisoma kuna talaka, vyeti vya kifo, bili za hospitali zilizogeuka hukumu. Nyumba ya namna hii ina mtu ndani yake hata ikiwa imefungwa.

Kwanza, kununua kwako si ndiko kunakomtoa. Kesi ikishafika mnadani, nyumba itaondoka, kwako au kwa benki. Bei ndiyo inayomhusu. Ikiuzwa juu ya deni, ziada ni ya mwenye nyumba baada ya wadai wengine kulipwa. Ikiuzwa chini ya deni, majimbo mengi huiruhusu benki imdai kilichobaki. California ni tofauti: mnada usiopitia mahakamani ukishafanyika, benki haiwezi kumfuata kwa pengo hilo. Kwa hiyo mnunuzi anayepandisha bei kwa haki anampunguzia mwenzake mzigo, na pengine anamwachia fedha ya kuanzia upya. Wengi hawajui kwamba ziada hiyo ni yao. Ukinunua na ziada ikawepo, mwambie. Mwandikie hata barua fupi, umpe jina la ofisi inayoishika. Mwambie pia asikubali kumpa mtu asilimia kubwa ili amtolee fedha hizo, kwa kuwa anaweza kuziomba mwenyewe.

Hata mahakama kuu ya nchi imeligusa jambo hili. Mwaka 2023, katika kesi ya Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, majaji wote tisa waliamua kwamba kaunti haikuwa na haki ya kubaki na ziada ya nyumba iliyouza kwa deni la kodi. Mwenye nyumba, Bibi Tyler, alikuwa na umri wa miaka 94, alidaiwa kama dola 15,000, nyumba ikauzwa dola 40,000, na kaunti ikachukua zote.

Pili, kuna namna za kununua ambazo mimi nakwambia wazi ni dhuluma, hata zikipakwa maneno mazuri. Mtu anamwendea mwenye nyumba aliyechanganyikiwa, anamwambia "nisainie hati, mimi nitalimaliza na benki, wewe utakaa kama mpangaji." Hati inahama, deni linabaki kwa jina la yule mnyonge, kodi ya pango anailipa kwa tapeli, na benki inauza nyumba vilevile. Mkikutana na mpango wa namna hiyo, ondokeni. Na kama ni wewe msomaji uliyekwama, mashirika ya ushauri yaliyoidhinishwa na HUD yatakusaidia kuzungumza na benki bila malipo.

Tatu, anayeishi humo. Akiwa mpangaji halali, sheria ya serikali kuu ya 2009, ambayo mwaka 2018 ilirudishwa kuwa ya kudumu, inamlinda: lazima apewe taarifa ya siku 90, na mkataba wake uheshimiwe hadi mwisho, isipokuwa kama mnunuzi anahamia mwenyewe, na hata hapo zile siku 90 ni zake. Akiwa ndiye mwenye nyumba wa zamani, msimtishe, msibadili kufuli usiku, msikate maji. Mpeni fedha ya kuhamia, kwa maandishi, na tarehe anayoiweza. Kesi ya kumtoa mtu ina gharama yake na muda wake. Fedha hiyohiyo mkononi mwake inalipa gari la mizigo na amana ya nyumba anayokwenda. Hesabuni kabla ya mnada, iwe sehemu ya bei yenu.

Kama baada ya yote haya moyo bado unakataa nyumba yenye baiskeli, msiinunue. Subirini iliyokwisha kurudi benki na kuachwa wazi. Mume wako hatapoteza chochote cha maana.

Habari. Tumepata nyumba ya benki hapa Minneapolis, bei imetupendeza. Ndani vyoo vimebandikwa karatasi, na kwenye bakuli kuna maji ya rangi ya waridi. Dalali anasema ni kawaida. Tukague nini? (Baba na mwana)

Dalali amesema kweli. Hizo ni dalili kwamba nyumba imeandaliwa kwa majira ya baridi: maji yamefungwa, mabomba yamepulizwa hewa yakauke, na kwenye choo imemiminwa dawa isiyoganda ili njia ya maji taka isipasuke wala kutoa harufu. Karatasi huandikwa tarehe. Hiyo tarehe isomeni kwa makini kuliko kitu kingine humo ndani. Mkilinganisha na tarehe ambayo watu walihama, mtaona kama nyumba ilipitisha baridi bila moto kabla mtu hajaja kuimimina hiyo dawa. Minnesota kwa kawaida humpa mwenye nyumba miezi 6 ya kukomboa baada ya mnada wa sherifu, na wengine huondoka kimyakimya katikati ya miezi hiyo. Aliyeondoka Desemba, na karatasi ikawa ya Machi, mabomba yake yamepasuka mpaka yathibitishwe vingine.

Ili kuthibitisha, ombeni kwa maandishi ruhusa ya kuyajaribu mabomba kwa shinikizo la hewa. Fundi anafunga kipimo, anajaza hewa, anatazama kama mshale unashuka. Ukishuka, kuna tundu, na hamjamwaga tone la maji ukutani. Ni nyinyi mtakaolipia, hata nyumba ikiwa si yenu bado, na bado ni fedha iliyotumika vizuri.

Shukeni chini ya nyumba na tochi. Mabomba ya shaba huibwa kwenye nyumba tupu, na anayeyaiba hukata bila kujali kilicho jirani. Tazameni kuta za chini kama zina mstari wa maji na ukungu juu yake, na tanuri la joto kama bado lina vifaa vyake. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 muulizie rangi yenye risasi, hasa kama kijana wako ana watoto wadogo. Uliza pia jiji kama kuna bili za maji, faini za nyasi au amri za ukarabati zilizobaki, maana baadhi hubandikwa kwenye kodi ya ardhi na kumfuata mnunuzi.

Kuhusu mkopo: nyumba isiyo na maji wala joto, mikopo mingi ya kawaida huikataa. FHA ina mkopo wa 203(k) unaounganisha bei ya nyumba na ya ukarabati katika deni moja. Hatua zake ni ndefu na si kila mkopeshaji anaujua, kwa hiyo tafuteni aliyekwisha kuufanya. Na bima ya nyumba iulizeni kabla ya kukamilisha, maana bima nyingi za kawaida hazilipi uharibifu kwenye nyumba iliyokaa tupu siku nyingi. Mwambieni wakala tarehe halisi mtakayohamia, na kama ukarabati utachukua miezi, ombeni bima ya nyumba tupu hadi siku mtakapoingia.